Mistari ya Salfa

Juzi nilikuwa Masasi, nimekaa kwenye mgahawa karibu na stendi nikisubiri chai yangu ipoe, na runinga ukutani inapiga kelele. Mtangazaji, koo limemkauka kwa furaha, anasema klabu kutoka nje zimeshatua kwa ajili ya mashindano ya kirafiki ya kimataifa, ya kupasha misuli moto kabla ya ligi kuanza. Wakaonyeshwa wachezaji wa kigeni wakishuka kwenye ndege na kupewa maua. Vijana wa meza ya pili wakaanza kubishana nani atafungwa ngapi. Mimi nikacheka peke yangu. Kijana mmoja akanigeukia, "Shikamoo mama, mbona unacheka?" Nikamwambia hayo mashindano ya kimataifa nimekua nayo, tena kipa wa kigeni nimempelekea maji ya kuoga kwa mikono yangu. Akanitazama kama mtu aliyeingiwa na jua kichwani, akarudi kwenye ubishi wake. Basi nikusimulie wewe.

Mimi nimelelewa na Bibi, upande wa Makote, huko Newala. Mama yangu alikuwa Masasi akihangaika na biashara ya vitumbua, kwa hiyo nyumbani kwangu kulikuwa kwa Bibi na mikorosho yake. Watu wa mbali hudhani kusini kote ni joto tu. Waje Julai! Asubuhi ukungu unakaa uwanjani mpaka huoni jikoni, na tulikuwa tunaota moto wa makumvi huku tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa kiangazi, ukila na chumvi unasahau mkate. Mchana upepo. Na kwenye upepo huo, salfa. Ndiyo majira ya kupulizia mikorosho dawa hiyo, wanaume wanatembea na mashine mgongoni, vumbi la njano linapanda juu ya miti na kushuka juu yetu. Nguo zinanuka salfa, mito ya kulalia inanuka salfa, naapa hata mbaazi chunguni zilikuwa na ladha yake. Macho yetu yalikuwa mekundu msimu mzima na hakuna aliyeuliza unalilia nini.

Kitu kimoja ukijue kabla sijaendelea, maji. Newala iko juu mlimani, na chini ya ardhi hakuna maji ya kuchota kirahisi. Kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na kisima cha saruji cha kuvunia mvua, kina kifuniko na kifuniko kina kufuli. Mvua zikikatika, unakunywa ulichokitunza, na kikiisha unashuka bondeni na ndoo, unapanda nayo shingo imeingia mabegani. Mtoto aliyemwaga maji kwetu alichapwa kuliko aliyevunja sahani.

Sasa katikati ya msimu huo ndipo yalikuwa yanakuja mashindano yetu. Aliyeyaendesha ni Mjomba, mtoto wa kiume wa Bibi, mwenyekiti wa timu ya kijiji, mtu ambaye angeuza shati lake anunue mpira. Kabla ya ligi ya wilaya kuanza aliita timu ya Lulindi, timu nyingine ya Masasi mjini, ya kwetu, na ya nne, ndiyo iliyotupa jina, ilitoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Ukisimama ukingoni Newala unauona mto kule chini, na ng'ambo yake nchi ya watu, yenye bendera yake na pesa yake. Wale vijana walivuka kwa mitumbwi, wakapokelewa na lori la mizigo, wakapanda hadi kwetu wamejaa vumbi huku wanaimba. Sasa kama hiyo si kimataifa, ni nini? Mshindi alipewa mbuzi. Wageni waligawanywa majumbani, wawili hapa, watatu pale, na kila nyumba ilifungua kisima chake. Hapo ndipo ungejua nani ana moyo na nani ana kufuli tu.

Nyumba nyingine zilisubiri wachezaji. Bibi alikuwa anamsubiri dada yake.

Bibi alizaliwa ng'ambo ile. Vita vya kule vilipopamba moto, yeye alivuka na mumewe akiwa na mimba ya Mjomba, dada yake mkubwa akabaki, akasema atafuata wakishavuna mpunga. Hakufuata. Tangu hapo walionana mara chache mno, na miaka ile miguu yao wote wawili ilikuwa imeshagoma safari za mbali. Simu kijijini kwetu ilikuwa moja, na mpaka upande kichuguu ndipo ishike mtandao. Kwa hiyo habari ya dada mtu ilikuja na mpira. Kipa wa wale wa ng'ambo alikuwa mjukuu wa huyo dada. Kijana mrefu, mikono mikubwa, Kiswahili chake cha kuokoteza kikichanganyika na Kireno, lakini Kimakonde chake kilikuwa chetu kabisa. Kila mwaka alifikia kwetu.

Nawe unajua Bibi na mjukuu wa kiume wanavyoishi. Lile lori likisimama tu, kipa alikuwa anaruka, anapiga kelele kutoka barabarani, "Mke wangu yuko wapi? Nimekuja, nina njaa, na nimesikia umeolewa na mwingine!" Na Bibi, mtu mzima aliyekuwa haonyeshi meno hovyo, anatoka jikoni na mwiko mkononi, "Mume mwenyewe ndiye huyu? Mwaka mzima hujaleta hata sabuni!" Kisha ananigeukia mimi, "Na wewe mke mwenzangu, usimwangalie-angalie." Watu wanavunjika mbavu. Baada ya hapo ndipo anamkalisha kwenye kigoda na kumuuliza moja moja. Dada yangu anakula? Magoti je? Bado anagombana na kuku wa jirani? Kipa anajibu, na Bibi anatikisa kichwa, na usiku huo analala.

Mwaka ninaokusimulia, lori lilichelewa. Tulikaa barabarani Ijumaa ile tangu asubuhi, jua likapita utosini, hakuna kitu. Maneno yakaanza, mara mtumbwi umezama, mara mamba, mara wamezuiwa mpakani. Bibi hakuwa na raha, akawa anaingia jikoni, anatoka, anafunika chungu kilichokwisha funikwa. Hofu yake ilikuwa inanihamia hivihivi bila kuniomba ruhusa. Alasiri likafika. Wakashuka wanaimba, lakini wimbo haukuwa na nguvu. Kipa akashuka wa mwisho. Akatembea polepole hadi kwa Bibi, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi akamtazama. Mwiko ulikuwa mkononi. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu. Mjukuu, mpelekee mwenzio maji aoge." Akarudi jikoni.

Mimi nikaona ni uchovu wa safari. Nikachota maji kisimani, nikabeba ndoo kwenda kwenye bafu letu la nyasi nyuma ya nyumba. Kabla sijafika nikamsikia Mjomba upande wa pili wa ua. Alikuwa na kipa na kocha wa wageni. Kipa alikuwa anaeleza kwa Kimakonde, sauti imekatika-katika, kwamba bibi yake alifariki majuma machache nyuma, wamezika, matanga wameanua, na wazee wa kule wamemtuma yeye aje kusema kwa mdomo. Ndoo ikanielemea. Nikaiweka chini, mlio wake ukawafanya wageuke wote watatu.

Mjomba akanijia. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa nisikilize vizuri. Mama akiambiwa leo, leo hii inakuwa msiba. Unajua desturi. Nyumba moja ikiwa na msiba, mpira haupigwi kijiji kizima. Hawa wamevuka mto. Wa Lulindi wako njiani. Hawatarudi tena kabla ya ligi, hawana nauli ya pili. Jumapili fainali ikiisha, nitakuja na wazee, tutamkalisha, tutamwambia kama inavyotakiwa. Mpaka hapo, wewe huna mdomo."

Nikaitikia. Ningefanya nini? Kwetu hakuna anayempasulia mtu mzima habari ya kifo akiwa amesimama na mwiko. Inangojwa amekula, amekaa, wazee wamemzunguka. Kwa hiyo kungoja kwenyewe hakukuwa kosa. Ila siku za kungoja zilikuwa nyingi mno kwa kifua cha mtoto. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, ndugu yangu! Mgongo wake umegusana na wangu, nami nimelala nimebana meno nikiogopa nisiropoke usingizini.

Jumamosi nilimfuata kila anapokwenda. Akienda kuni, nipo. Akichambua mbaazi, nipo. Nilijua kuna vijana wengi wa ng'ambo wanaojua, wamelala nyumba nyingi, na kijiji hakina siri inayokaa siku mbili. Nilichokuwa nasubiri kwa woga ni lile swali lake, dada yangu anakula? Nilikuwa namtazama kipa akitafuna, naye hatafuni, anazungusha tonge tu mdomoni. Kila Bibi alipofungua kinywa, nilijua ndilo hilo. Kumbe anasema, "Ongeza kisamvu." Au, "Usiku baridi haikukupiga?" Swali halikuja. Nikamshukuru Mungu, nikadhani ana shughuli nyingi na wageni, amesahau. Ona utoto huo. Asahau dada yake!

Jumamosi hiyohiyo, kabla ya mechi za mchana, jirani akaingia. Alikuwa mama mmoja mwema, lakini ulimi wake haukuwa na breki, na nyumbani kwake walilala wageni watatu. Nikamwona tangu kwenye njia amejitanda kanga kichwani kama wanavyojitanda watu wa msibani. Nnungu wangu, nikasema, Mungu wangu, tumekwisha. Mimi nilikuwa nimetoka kisimani na ndoo imejaa. Akapiga hodi, akaja moja kwa moja kwa Bibi amenyoosha mikono yote miwili, uso umeshakunjamana, "Mama Mkubwa, pole, pole sana kwa..."

Nikaiachia ndoo.

Yote, pwaa, katikati ya uwanja. Mchanga wetu ukayanywa pale pale, ndoo ikabingirika mpaka kwa kuku. Jirani akaruka, akapiga ukelele, akashika kiuno, "Huyu mtoto ana nini? Maji! Julai hii!" Mimi nikasimama nangoja kipigo, mikono kichwani, na kwa kweli nilikuwa nakitaka, kingenipa sababu ya kulia.

Bibi hakuinuka. Alinitazama, halafu akamgeukia jirani na sauti ya kawaida kabisa. "Ahsante kwa pole yako, jirani. Kweli wageni ni kazi, mgongo wote unaniuma kwa kupika. Njoo unisaidie kuchambua mbaazi, tutaongea mpira ukiisha."

Jirani akakaa kwenye mkeka, akavuta ungo, na wakachambua mbaazi bila neno, yule mama ambaye hata msikitini alikuwa anaambiwa anyamaze. Na mimi sikuchapwa. Nakuambia, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilichukua ndoo nikachota nyingine.

Wageni wakashinda mechi yao, na sisi tukawashinda watu wa Lulindi kwa tabu. Kwa hiyo fainali ikawa yetu na ng'ambo.

Sasa Mjomba na akili zake. Miaka yote mistari ya uwanja tulichora kwa majivu. Jumapili asubuhi upepo ulikuwa mkali, kila wakimwaga majivu yanahama. Mjomba, kichwa kimevurugika kwa siku tatu za kuficha, akaenda stoo akatoa mfuko wa salfa uliobaki, akachora uwanja mzima kwa salfa. Mistari ya njano inang'aa mpaka inaumiza. Wazee wakamjia juu, mikorosho itaugua na wewe unatibu nyasi! Mwalimu wetu wa shule, ndiye mwamuzi, akasema kwa upole kwamba jambo hili angelitafakari kidogo. Mjomba hakusikia la mtu. Filimbi ikapigwa.

Dakika chache tu, mambo. Kila anayeteleza mstarini anainuka amegeuka njano, anakohoa, anapikicha macho. Mawinga wanalia. Mwamuzi analia huku anapuliza filimbi. Watazamaji waliosongamana kwenye mstari wanacheka na kulia, machozi yanawachuruzika, na mpira hauonekani vizuri. Mahali pabaya kuliko pote palikuwa golini, maana pale Mjomba alikuwa amemwaga nene ili ionekane.

Na Bibi, ambaye mpira wa miguu hakuwahi kuutazama maishani mwake, siku ile alibeba mkeka wake na kwenda kukaa nyuma ya goli la wageni. Nyuma kabisa ya kipa. Nikakaa ubavuni pake, sina la kufanya. Kipa aligeuka, akamwona. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Akaanza kulia, kijana mzima, machozi yanachimba njia kwenye vumbi la njano usoni. Watu wa nyuma yetu wakacheka, "Salfa imemkamata kipa! Mleteeni maziwa!" Na Bibi akasema kwa sauti ya juu ili wote wasikie, "Muacheni! Salfa hiyo. Lia, mwanangu, lia itoke."

Kisha yeye mwenyewe akaanza. Hakutoa sauti. Alishika ncha ya kanga, akaibana mdomoni, na machozi yakatiririka na kutiririka, mwili unatikisika kidogo kidogo. "Na Bibi nayo imemfikia!" wakasema, wakacheka. Mimi nilikuwa najua harufu ya salfa tangu nazaliwa, na nilijua inavyoliza. Hailizi hivyo. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Hatukutazamana.

Mshambuliaji wetu akapiga shuti la ovyo, mpira ukabingirika chini, kipa akiwa amejifunika uso na kiganja. Ukapita karibu na mguu wake ukaingia wavuni, yaani kwenye nyavu kuukuu za samaki tulizofunga kule nyuma. Moja bila. Kijiji kikalipuka. Mbuzi akawa wetu. Mjomba hakuruka. Nilimwona kule katikati amesimama peke yake, tayari anatafuta wazee kwa macho.

Walipofika nyumbani, yeye na wazee watatu na imamu, na kipa nyuma yao hajanawa, sisi tulikuwa tumeshafika. Bibi alitembea haraka njia nzima. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mikeka yote ya nyumba ilikuwa nje, imetandikwa, na kwa jirani kulikuwa kumeazimwa sufuria kubwa, ile ya shughuli, imewekwa juu ya mafiga na maji ndani yake. Kufuli la kisima lilikuwa wazi. Bibi alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, kanga imefunika kichwa.

Mjomba akasimama hajui aanzie wapi. "Mama," akasema, "kuna neno tumekuja nalo..."

"Kaeni kwanza," Bibi akamjibu. "Mbuzi achinjwe, watu watakuja. Wewe, mume wangu, kaa hapa karibu."

Kipa akaanguka pale mkekani magoti yote mawili. "Nisamehe, Bibi. Walinikataza. Nilitaka kusema siku ileile."

"Ulisema. Mume gani anamwamkia mkewe shikamoo? Ulipovua kofia tu, nilijua." Akamfuta salfa usoni kwa ncha ya kanga yake, shavu moja, kisha la pili. "Na mimi ndiye niliyekataa kuuliza. Ningekuuliza Ijumaa, dada yangu angekufa Ijumaa. Nimemweka hai mpaka leo. Nimempikia, nimemtekea maji, nimekwenda naye hata mpirani. Basi, nimetosheka. Sasa sema."

Akasema. Na hapo ndipo Bibi alipolia kwa sauti, kilio cha Kimakonde kinachoita jina la marehemu na majina ya waliomtangulia, na wanawake wakaanza kuingia kutoka kila njia. Mbuzi wa ushindi akaliwa msibani. Wageni hawakuondoka Jumatatu. Walikaa mpaka matanga, walichimba ming'oko, walipasua kuni, na Mjomba alibeba maji kutoka bondeni mwenyewe, ndoo kwa ndoo, bila kumwambia mtu.

Mashindano yaliendelea miaka mingine kadhaa, kisha mambo ya ng'ambo yakachafuka, mto ukawa haukatizwi ovyo, na vijana wa kule hatujui wametawanyikia wapi. Mjomba amezeeka. Pale uwanjani mtu amepanda mikorosho mifupi ya kisasa, imekaa kwenye mistari iliyonyooka. Kipa, niliambiwa, yupo, ana watoto, lakini aliyeniambia naye aliambiwa.

Bibi alifariki mwaka juzi. Nilikuwa benki, nimesimama kwenye foleni, simu ikatetemeka kwenye pochi, nikaitoa nikidhani ni mteja. Kundi la ukoo. Mtoto wa binamu yangu ameandika bila salamu, Bibi katutoka, na chini yake tayari wamejipanga watu ishirini na alama zao za machozi. Macho yalikuwa yameshasoma kabla sijayakataza. Hakuna aliyenitazama usoni kwanza, hakuna aliyeuliza kama nimekula, hakuna aliyevua kofia. Yule mtu wa mbele yangu akasogea, nami nikasogea. Ningepewa hata asubuhi moja tu, ningejua cha kufanya nayo. Ningempikia.